Anaamini Nini, Anamtii Nani: Uchambuzi wa Namna Mgombea Ajibuvyo Suali la Dini

Katika nchi iliyolala baina ya Mlima Elgon na mto Nzoia, ambako Marafiki waliorithi mafunzo ya Quaker, Wakatoliki wenye majimbo mawili, la Bungoma lililoundwa mwaka 1987 na la Kitale lililoundwa mwaka 1998, Waanglikana, Wapentekoste wa kila namna, Waislamu wa mijini na wafuasi wa Dini ya Msambwa huishi ua kwa ua na kuzikana, ni nadra mgombea wa kiti chochote, tangu uwakilishi wadi hadi ugavana, kuumaliza msimu wa kampeni bila ya kuulizwa, kwa mdomo au kwa jicho, anasali wapi na anasali vipi. Suali hilo si la aibu, maana mpiga kura anayo haki ya kumjua anayemkabidhi fedha na mamlaka. Walakini ndani yake mna masuali mawili yaliyofungwa pamoja: la kwanza, mtu huyu anaamini nini, la pili, akishika madaraka atamtii nani. Aghalabu muulizaji hulitamka la kwanza ilhali linalomsumbua moyoni ni la pili, na mjibu asiyeyatenga mawili hayo hujikuta akitetea akida ya kanisa lake mahali ambapo angetakiwa kueleza uaminifu wake kwa sheria.

Mfano wa kulichambulia jambo hili nimeuchagua mbali, Marekani, kwa sababu huko ndiko suali lilikoulizwa kwa uwazi na kujibiwa kwa hotuba iliyopangwa kwa makini, nao unahusu madhehebu ambayo wengi wetu twayasikia kwa jina tu. Wamormoni, ambao jina la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanafuata mafunzo ya Joseph Smith, aliyechapisha Kitabu cha Mormoni mwaka 1830 katika jimbo la New York, akidai kukifasiri kutoka katika mabamba ya dhahabu. Wanaamini kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali, kwamba Baba anao mwili, na kwamba manabii hawakukoma zamani za Biblia. Hubatiza kwa niaba ya wafu, na hawanywi pombe, wala kahawa, wala chai, sharti ambalo nyumbani kwa Mbukusu wa huku kwetu, ambako mgeni hupokewa kwa kikombe cha chai ya maziwa, lingeleta fadhaa kubwa kuliko mjadala wowote juu ya Utatu. Kanisa hilo lilipata kibali cha serikali ya Kenya mwaka 1991, na hekalu lake la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kwa hiyo Mmormoni wa Kenya si mtu wa kufikirika, na siku atakapojitokeza mmoja kugombea kiti katika kaunti zetu, suali litamngoja kituoni.

Madhehebu haya na siasa vimefahamiana tangu mwanzo, na kwa uchungu. Joseph Smith mwenyewe alikuwa mgombea wa urais wa Marekani alipouawa na umati wenye silaha katika jela ya Carthage, jimbo la Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Reed Smoot, aliyechaguliwa seneta wa Utah mwaka 1903, alikaa miaka akichunguzwa na Baraza la Seneti, akiulizwa kama wakuu wa kanisa lake walikuwa bado na wake wengi baada ya katazo la mwaka 1890, na kama yeye angewatii wao mbele ya katiba. Kiti chake hakikuthibitishwa ila mwaka 1907. Ndipo akaja Mitt Romney, aliyekuwa gavana wa Massachusetts na aliyepata kuwa kiongozi wa kanisa lake mjini Boston, akautaka urais katika uchaguzi wa mwaka 2008, na akaona kwamba hatapita bila ya kusema.

Kabla ya kumpima Romney yatupasa kumtazama aliyemtangulia. John F. Kennedy, Mkatoliki, alisimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti wa Houston tarehe 12 Septemba 1960, wakati ambapo wengi walidhani rais Mkatoliki angetawaliwa na Papa. Hakueleza Misa, wala hakumtetea Papa, wala hakujaribu kuwaonyesha wachungaji wale kwamba Ukatoliki wake ulikuwa karibu sana na imani yao. Aliliacha suali la kwanza kabisa, akalishika la pili kwa mikono miwili: alisema kwamba kanisa na dola vitengane, kwamba hatapokea amri ya askofu katika kazi ya umma, na kwamba ikiwa dhamiri yake na cheo chake vitagongana pasiwe na njia ya kuvipatanisha, atajiuzulu. Kisha akakubali kuulizwa masuali na wale wale waliomshuku. Nguvu ya jibu lake ilikuwa katika mipaka yake, kwani alijua ni nini anachodaiwa, akalipa hicho, na asilipe zaidi.

Romney alinena tarehe 6 Disemba 2007 katika maktaba ya Rais mstaafu George H. W. Bush huko College Station, Texas, naye mwenye maktaba ndiye aliyemtambulisha. Kuchagua mahali hapo ni sehemu ya hoja, maana mgombea aliyeshukiwa kuwa mgeni katika dini ya wengi alikuja ameshikwa mkono na mzee wa chama asiyeshukiwa na mtu. Fauka ya hayo, waliomsikiliza walikuwa wageni waalikwa, si mahasimu wake wa kidini. Hapo tayari amepungukiwa na kile ambacho Kennedy alikitafuta kwa makusudi, yaani ushahidi wa kwamba jibu limestahimili papo kwa papo kuulizwa na mtu asiyekupenda.

Sehemu ya kwanza ya hotuba ilifuata njia ya Kennedy. Alisema kwamba wakuu wa kanisa lake, au wa kanisa lingine lolote, hawatakuwa na amri juu ya maamuzi ya rais, na kwamba hataiweka itikadi ya kanisa juu ya wajibu wa cheo na utawala wa sheria. Akaongeza kwamba hataikana imani ya baba zake ili apate kura, neno lililompa heshima hata kwa wasiompenda, na kwamba mgombea hapaswi kugeuzwa msemaji wa madhehebu yake, kwa kuwa katiba ya Marekani imekataza mtihani wa dini kwa anayetaka cheo. Kisha akafanya ustadi mwingine: akayataja madhehebu moja baada ya moja na kusifu jambo analolitamani katika kila moja, ibada ya Misa kwa Wakatoliki, ukaribu wa sala kwa Wainjilisti, wororo wa roho kwa Wapentekoste, mila za kale kwa Wayahudi, sala za mara kwa mara kwa Waislamu. Kwa njia hiyo aliwaweka wote katika baraza moja na yeye mwenyewe akaketi miongoni mwao, bila ya kusema hata itikadi moja iliyo ya Wamormoni peke yao. Na jina la Wamormoni lenyewe alilitaja mara moja tu.

Kasoro ilianza alipouvuka mpaka aliouchora mwenyewe. Baada ya kusema kwamba itikadi isiulizwe, alitangaza kwamba anamwamini Yesu Kristo kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi wa wanadamu. Sababu yaeleweka, maana kura alizokuwa akizihitaji zilikuwa za Wainjilisti wa Iowa. Lakini mgombea anayejibu suali moja la itikadi kwa kuwa jibu lake lapendeza amekwisha kukubali kwamba itikadi ni mali ya soko, na hana tena hujja ya kukataa la pili na la tatu. Haukupita muda, ikajulikana kwamba Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa mpinzani wake, alikuwa amemuuliza mwandishi wa gazeti kama Wamormoni hawaamini kwamba Yesu na Ibilisi ni ndugu; akaomba radhi, lakini neno lilikwisha kutoka. Kadhalika Romney alidai kwamba uhuru unahitaji dini kama dini inavyohitaji uhuru, na kwa kauli hiyo aliyekuwa akiomba asifungiwe mlango aliwafungia wengine, yaani raia wasio na dini.

Zaidi ya hayo, lilikuwako suali moja la itikadi lililokuwa halali kabisa, nalo hotuba ililipita. Hadi Juni 1978 kanisa la Wamormoni halikuwaruhusu wanaume weusi wenye asili ya Afrika kupewa ukuhani, ambao kwao hupewa karibu kila mwanamume mwaminifu. Itikadi juu ya mwili wa Mungu haimgusi asiyeifuata, na kuacha chai hakumpunguzii jirani kikombe chake; lakini itikadi inayopanga watu kwa rangi ya ngozi yahusu moja kwa moja haki ya raia ambao rais ataapa kuwalinda, na mpiga kura mweusi aliyetaka kujua mgombea alisimama wapi miaka ile hakuwa mchochezi. Suali hilo Romney alilijibu siku kumi baadaye katika mahojiano ya televisheni, akieleza kwamba alilia kwa furaha habari za mabadiliko zilipomfikia. Kwa mizani ya ufundi basi, alijibu asilodaiwa, akalichelewesha alilodaiwa.

Matokeo ya kura hayawezi kuwa hukumu ya hotuba peke yake, walakini yana mafunzo. Tarehe 3 Januari 2008 Huckabee alimshinda Romney katika Iowa. Romney alipogombea tena, mchungaji mmoja mashuhuri wa Texas, Robert Jeffress, alisema hadharani Oktoba 2011 kwamba Umormoni ni dini ya upotofu. Mwaka mmoja baadaye, baada ya mhubiri Billy Graham kukutana na Romney, shirika la Graham liliuondoa Umormoni katika orodha yake ya madhehebu potofu. Itikadi za Wamormoni hazikubadilika hata chembe baina ya miezi hiyo. Kilichobadilika ni kwamba Romney alikuwa amekuwa mgombea pekee wa chama dhidi ya Barack Obama, ambaye naye, mwana wa Mluo wa Kogelo, alikuwa akizushiwa kwamba ni Mwislamu wa siri. Hapo ndipo tunapoona kwamba suali la kwanza, kwa waulizaji wengi, lilikuwa vazi la suali lingine.

Bungoma imepata kuijua hila hii katika sura yake kali zaidi. Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni karibu na Kimilili, mchezaji mashuhuri wa kandanda na Rafiki wa zamani aliyetengwa na kanisa lake kwa kuoa mke wa pili, alihubiri Dini ya Msambwa, iliyorejea kwa mizimu ya wazee na kuutukuza Mlima Elgon, tena akawakataza watu kazi ya kulazimishwa na kudai wakoloni waondoke. Serikali haikukosa majibu ya kumpa juu ya ardhi ya Trans Nzoia, iliyokuwa mashamba ya walowezi huku Wabukusu wakiishi humo kama vibarua; ila haikutaka kuyatoa. Badala yake iliuliza juu ya akili yake na imani yake, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, wakafa watu 11, na mwaka huo huo dini ikapigwa marufuku na Masinde akahamishwa hadi Lamu, asirudi ila mwaka 1961. Wala uhuru haukuondoa dawa hiyo, kwani serikali ya Kenya huru iliipiga dini yake marufuku tena mwaka 1968. Masinde hakuwa mgombea. Lakini kisa chake chaonyesha nini hutendeka wenye mamlaka wakilitumia suali la anaamini nini ili wasijibu suali la shamba ni la nani.

Na katika siku zile zile za Romney, Wakenya nao walikuwa katika mtihani wao. Tarehe 29 Agosti 2007 marehemu Raila Odinga, Mwanglikana, alitia saini mapatano na jukwaa la viongozi wa Waislamu, na kwa kuwa waraka haukutangazwa, ikasambazwa nakala ya uongo iliyodai kwamba ameahidi sharia nchi nzima. Mwishoni mwa Novemba, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, aliutoa waraka wenyewe, uliohusu haki za raia Waislamu. Njia yake ilikuwa bora kuliko hotuba ya sifa, kwa kuwa tuhuma ya maandishi hujibiwa kwa maandishi, na suali alilolijibu lilikuwa la pili: ameahidi nini, kwa nani. Ubaya wake ni kuchelewa tu, kwa maana muda wa miezi mitatu watosha uzushi kuota mizizi katika mimbari.

Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kutoa mizani. Ibara ya 8 yasema dola haina dini, na ibara ya 32 yakataza mtu kunyimwa kazi au haki kwa sababu ya imani yake. Kwa hiyo mgombea wa Kitale au Bungoma, awe Mmormoni, Rafiki au mfuasi wa Msambwa, na aeleze mapema, kwa maandishi, ni nani asiyeweza kumwamuru, ni ahadi gani amewapa viongozi wa dini, na ni itikadi gani ya madhehebu yake inayomgusa raia asiyekuwamo. Na akiulizwa mengine, akatae kwa upole, hata kama jibu alilo nalo lingempatia makofi. Nasi waulizaji, kabla ya kuinua mkono mkutanoni, tujihoji kama jibu litabadilisha lolote katika barabara, zahanati na hati za mashamba. Ikiwa halibadilishi, suali hilo ni la mchungaji na muumini wake, si la mpiga kura.