Sultani, Mto na Dini: Utendi wa Fumo Liyongo Ukitazamwa kutoka Ndera

Aghalabu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezichukua tenzi za kale kuwa ni kioo cha Uislamu katika Afrika ya Mashariki. Mtazamo huo ulipewa nguvu na Jan Knappert katika kitabu chake cha 1967, ambacho anwani yake yenyewe inatangaza kuwa tenzi zitachunguzwa kwa ajili ya dhana za Kiislamu zilizomo. Njia hiyo ina manufaa yake. Walakini ina kasoro moja kubwa. Humfanya msomaji aamini kwamba dini, dola na mji wa pwani ni kitu kimoja, na kwamba palipofika kimoja, viwili vilivyobaki vilikuwa vimekwisha kufika. Makala hii inakusudia kuipima imani hiyo kwa kuutazama Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, si kutoka Lamu wala Pate, bali kutoka Ndera, kwenye kingo za Mto Tana juu ya Garsen.

Uteuzi wa mahali hapo si wa kubahatisha. Wandera ni miongoni mwa Wapokomo wa Juu, nao ndio wanaopakana na Wapokomo wa Chini. Kwa jumla Wapokomo wa Juu ni Waislamu, ilhali wengi wa wale wa Chini walifuata Ukristo baada ya wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani kufungua kituo chao Ngao mwaka 1887. Lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, kwani zote mbili zimo katika kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda na Kingazija. Tena masimulizi ya Liyongo yenyewe hayako mbali na mto: kaburi linalosemwa kuwa ni lake huonyeshwa Ozi, karibu na mahali Tana inapoingia baharini.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu ugomvi wa Liyongo na Sultani wa Pate ni kwamba chanzo chake ni urithi. Husemwa kuwa desturi ya zamani ilimpa mpwa haki ya kurithi kwa upande wa mama, na sheria ya Kiislamu ikaja na haki ya mwana kumrithi baba. Liyongo na mpinzani wake wakawa wamesimama kila mmoja upande wake. Maelezo haya yanavutia, kwani yanaufanya Uislamu kuwa nguvu iliyobadili siasa waziwazi. Lakini utendi wenyewe hauyabebi. Anachoonyesha Kijumwa ni mtawala anayeogopa kunyang'anywa ufalme na mtu anayemzidi kwa nguvu na kwa kupendwa. Hakuna kadhi anayeitwa, hakuna hoja ya sheria inayotolewa, wala hakuna upande unaodai kuwa dini iko pamoja nao. Sultani ana cheo chenye jina la Kiislamu, naye humwahidi mwana wa Liyongo uwaziri na kumwoza binti yake. Dini katika dola lake imebaki katika majina ya vyeo.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudai kwamba Uislamu haumo. Umo katika umbo la utendi, katika kumtaja Mungu kabla ya kusimulia, na zaidi ya yote katika mizani ambayo kwayo msimulizi anampima mtawala. Sultani anamwandama Liyongo kwa njia tatu. Kwanza anawatuma wawindaji wa msituni wale naye kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mti kwa zamu, ili auawe akiwa juu. Kisha anatumia ngoma, ambako Liyongo anakamatwa katikati ya mchezo. Mwishowe anamtumia mwana kumwua baba kwa sindano ya shaba kitovuni. Chakula, ngoma na damu ni amana tatu, na zote tatu zinavunjwa kwa amri ya mtu anayeitwa Sultani. Mwislamu wa Lamu aliyeusikiliza utendi huu mwaka 1913 hakuhitaji kuambiwa kwamba khiana ni dhambi. Lakini hakuhitajika kuwa Mwislamu ili kulijua hilo. Mpokomo wa mtoni ambaye hakuwa amesilimu angetoa hukumu ile ile. Nguvu ya utendi imo katika kukutana huko kwa mizani mbili, na mhakiki anayeona moja tu ameupunguza.

Historia ya mto inathibitisha kwamba dini na dola hazikwenda pamoja. Masultani wa ukoo wa Nabahani wa Pate, waliohamia Witu katika karne ya 19, walikuwa jirani wa Tana, na mkono wao uliwafikia Wapokomo wa Chini kwa kudai mali na watu. Laiti Uislamu ungalikuwa unafuata dola, wale waliokaa karibu na Witu wangalisilimu kwanza. Mambo yalikuwa kinyume. Witu iliteketezwa na majeshi ya Uingereza Oktoba 1890, na ni katika miongo iliyolizunguka tukio hilo na kulifuata ambamo Uislamu ulienea kwa Wapokomo wa Juu, mbali zaidi na kiti cha sultani. Robert Bunger, aliyeandika juu ya kusilimu kwao mwaka 1973, aliliona jambo hilo kuwa ni mabadiliko ya jamii, wala si ushindi wa dola. Kabla ya hapo mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa gasa, nayo yalitegemea siri na ngadzi, ngoma kuu ambayo haikuonwa na kila mtu. Ngadzi ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ikapelekwa British Museum, London. Dini iliyokuja na kitabu, kinachoweza kusomwa na kijana kama kinavyosomwa na mzee, iliingia mahali ambapo siri ilikuwa imekwisha kutikiswa.

Kwa hiyo Kijumwa alipokuwa akiandika Lamu habari za sultani mwovu wa zamani, huko juu ya mto kulikuwa na watu waliokuwa wakiipokea dini ya Sultani yule bila ya kuwa na sultani. Taathira ya kisiasa ya tukio hilo haikuishia hapo. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, na baadaye Katiba ya Kenya ya 2010, ziliwapa Waislamu wa nchi nzima kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na urithi, haki ambayo chimbuko lake lilikuwa mapatano ya 1895 juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani. Basi suala la nani amrithi nani, ambalo wahakiki wamelitafuta kwa taabu ndani ya utendi, Mndera wa leo hulikuta mahakamani, na pia katika mashamba ya ukoo yanayoanza ukingoni mwa mto na kwenda bara.

Mhakiki anayetaka kueleza athari ya Uislamu katika siasa na jamii hana budi basi kutenganisha mambo matatu: dini inayompa mtawala jina, dini inayompa raia mizani ya kumhukumu mtawala huyo, na dini inayoipa jamii isiyo na mtawala mmoja utaratibu mpya wa kuishi. Utendi wa Fumo Liyongo unadhihirisha mbili za mwanzo. Ya tatu haimo katika hati za Lamu. Imo katika masimulizi ya Kipokomo, ambayo idara za lugha zimeyaacha kwa muda mrefu kwa kudhani kwamba fasihi ya Waislamu wa Kenya huishia pale maji ya chumvi yanapoishia. Maadamu wazee wanaoyakumbuka wangaliko, kazi ya kuyakusanya haifai kungojewa.