Herode Amefichwa Wapi? Neno juu ya Vitabu vya Picha vya Noeli

Majilio yakikaribia, makasha ya vitabu hufika katika misioni zetu. Vingine vyatoka Ubelgiji na Ufaransa, vingine Italia, vingine Marekani. Vingi vimekwisha kusomwa na watoto wa huko, na majina yao yangali yameandikwa ndani kwa kalamu ya risasi. Twawashukuru wanaovituma. Lakini zawadi ya kitabu si kama zawadi ya nguo. Nguo isiyomfaa mtoto utaiona mara, maana itampwaya au itambana. Kitabu kisichomfaa huingia moyoni kimya, na pengine hukaa humo mpaka uzee. Kwa hiyo yafaa mzazi na katekista wakifungue kwanza wao wenyewe, wakitazame ukurasa kwa ukurasa, kabla hawajakitia mikononi mwa mtoto.

Nasema wakitazame, sisemi wakisome. Watoto wetu wa Luvungi, walio wengi, hawajakifikia Kifaransa cha vitabu hivyo, seuze Kiingereza. Maneno watayapata kwetu, kwa Kiswahili au kwa Kifuliiru. Picha wanaisoma wenyewe, na wanaisadiki kuliko wanavyotusadiki sisi. Papa Gregori Mkuu alilijua jambo hilo, karibu na mwaka 600, alipomwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja sanamu za kanisa lake. Alimfundisha ya kwamba wasiojua kusoma huona ukutani yale ambayo wengine huyasoma kitabuni. Basi ikiwa picha ndiyo maandiko ya mtoto, yatupasa kuipima kama tupimavyo mahubiri.

Viko vilivyo rahisi kupima. Kitabu cha Baba Noeli, mwenye ndevu nyeupe na gari lisilo na magurudumu, si kitabu cha Noeli. Mzee huyo ana asili njema, maana jina lake latoka kwa Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira. Lakini shairi moja lililotoka Marekani mwaka 1823 lilimvika mambo mengine, na wafanyabiashara wakamalizia kazi. Sioni dhambi mtoto akicheka naye. Kitabu hicho kipelekwe shuleni, kiwe cha kujifunzia kusoma. Katika mafundisho kisiingie, kwa sababu Mtoto Yesu hayumo, na mgeni akiisha kukaa katika kiti cha mwenye nyumba ni kazi kumwondoa.

Vigumu kupima ni vile ambavyo Mtoto yumo. Hapa wenzangu wengine hukosa kwa ukali. Wanasema: theluji hii si ya kwetu, ng'ombe na punda hawamo katika Injili ya Luka, na Mathayo hakutaja idadi ya Mamajusi. Ni kweli yote. Ng'ombe na punda twawapata kwa nabii Isaya, katika sura ya kwanza kabisa, na Mtakatifu Fransisko aliwaleta karibu na hori kule Greccio mwaka 1223, wala Kanisa halikumkaripia. Papa Fransisko alikwenda Greccio hiyohiyo tarehe 1 Desemba 2019, akatia sahihi barua yake juu ya pango la Noeli, na ndani yake aliwasifu hata wanaoongeza humo watu na vitu ambavyo Injili haikuvitaja. Pambo si kosa. Kosa ni pambo kumfunika Mtoto.

Nitoe mfano wa kitabu kizuri ambacho hata hivyo kina hatari hiyo. Brian Wildsmith, mchoraji Mwingereza, alitoa mwaka 1989 hadithi ya msichana Rebeka, anayemtunza punda mdogo. Mama yake yule punda amechukuliwa na Maria na Yosefu kwa safari ya Betlehemu. Mdogo anamlilia, basi Rebeka anamwongoza kuwafuata. Rangi zake zang'aa, na mtoto anayesikiliza hutembea njia nzima mpaka horini. Lakini machozi ya kitabu ni ya punda, na furaha ya mwisho yaweza kuwa ya punda vilevile. Katekista anayekitumia asimame kwenye ukurasa wa hori, asiharakishe, asubiri mpaka watoto wamwone aliyelala humo.

Wa kinyume chake ni Kees de Kort, Mholanzi aliyefariki mwaka 2022. Picha zake za Biblia zilianza kutoka katika miaka ya 1960 kwa kazi ya Chama cha Biblia cha Uholanzi, na mwanzoni zilikusudiwa watoto wenye ulemavu wa akili. Watu wake wana nyuso za mviringo, macho makubwa, rangi nzito, na nyuma yao karibu hamna kitu. Watu wazima huziona picha hizo za kitoto mno. Mimi naziona kuwa za kweli, maana jicho halina mahali pa kukimbilia: yuko Maria, yuko Mtoto, na wewe unatazama. Asishtuke mtu kwamba ni kazi iliyotoka kwa Waprotestanti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, uliruhusu hata kushirikiana nao katika kutafsiri Maandiko.

Watu wengi huku kwetu wazijua zaidi picha za Mafa. Katika miaka ya 1970 Wakristu wa kabila la Mafa, kaskazini ya Kameruni, waliyaigiza masimulizi ya Injili kijijini kwao, wakapigwa picha, kisha wachoraji wa Ufaransa wakachora kwa kuzifuata. Yesu ni mweusi, na mitume pia. Mtoto anayemwona Bikira Maria mwenye sura ya shangazi yake hahitaji kufundishwa kwamba Neno alifanyika mtu. Walakini tusidanganyike kwamba zile nyumba zenye mapaa ya nyasi yaliyochongoka ndizo zetu. Ni za milima ya Mafa, na mtoto wa bonde la Ruzizi ataziona kuwa za wageni, ijapokuwa wageni wa karibu. Bado hakuna anayeweza kutuchorea Betlehemu yetu ila mtu wa kwetu.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Chukua vitabu kumi vya Noeli katika kasha, uvifungue mwisho. Vingi vyafungwa Mamajusi wakiwa wamepiga magoti, ngamia nyuma yao, nyota juu. Injili ya Mathayo haifungwi hapo. Inaendelea usiku uleule wa ndoto: Yosefu anaamshwa, anamchukua Mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri, na huku nyuma Herode anawaua watoto wa Betlehemu. Wachapaji wamemficha Herode kwa huruma, wakiogopa kuwatisha watoto. Nayaelewa mawazo yao. Wanawaandikia watoto wanaolala salama.

Wetu wamekwisha kutishwa. Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu wa upande huu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea, na wengi wakalala katika kiwanja cha mpira cha Rugombo. Wazazi wao walikuwa wamekimbia mwaka 1996. Mtoto aliyevuka mto ule mgongoni mwa mama yake, ukimfungulia ukurasa wa Yosefu anayeondoka usiku, ataweka kidole juu ya Mtoto Yesu kabla hujasema neno. Ukimpa kitabu kinachofungwa kwenye ngamia, umemnyima ule ukurasa mmoja ulio wake. Atadhani Noeli ni ya watoto wenye usingizi.

Sisemi achorwe upanga na damu. Ziko Biblia za watoto zilizofanya hivyo, na picha yake hubaki machoni usiku kucha. Yatosha Yosefu aliyeamshwa, mzigo uliofungwa haraka, na njia yenye giza. Mafa wana picha ya safari hiyo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote zao.

Litakuja swali: mbona malaika hakuwaonya na mama wengine? Katekista ajiandae, wala asijibu kwa haraka. Awaambie kwanza kwamba Kanisa haliwasahau watoto wale, lawaheshimu kama mashahidi kila tarehe 28 Desemba. Awaambie pia ya kwamba jimbo letu la Uvira lina mashahidi wake: mapadre Luigi Carrara na Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, siku moja kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio, na kutangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Sehemu ya swali itabaki. Na ibaki.

Nimalizie na vile vitabu vya shukrani vinavyotoka Marekani katika kasha hilohilo. Huko wana sikukuu ya shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 1941, wakikumbuka mavuno ya Plymouth ya mwaka 1621. Utaona bata mzinga mezani na jamaa wanaocheka. Mara nyingi wanashukuru, lakini kitabu hakisemi anashukuriwa nani, na shukrani isiyo na anwani haifiki. Sisi tunazo shukrani za mavuno, tunapopeleka mpunga, mahindi na mihogo altareni wakati wa matoleo. Na neno Ekaristi lenyewe kwa Kigiriki ni shukrani. Kwa kitabu cha namna hiyo ningechagua sura ya 26 ya Kumbukumbu la Sheria. Mtu anasimama mbele ya kuhani na kikapu cha malimbuko, na kabla hajakitoa analazimika kusimulia kwamba babu yake alikuwa mtangatangaji, akashuka Misri, akaonewa huko. Kikapu na safari katika picha moja. Ni kurasa sita tu, na kijana yeyote wa shirika mwenye mkono wa kuchora aziweza.

Vitabu vikiisha kuchaguliwa, visifungiwe katika kabati la sakristia. Kila shirika lipewe kimoja kwa juma moja, kifungwe ndani ya nailoni kwa ajili ya mvua ya Desemba, nacho kisomwe jioni nyumba kwa nyumba, nyumba za waliorudi kutoka ng'ambo ya mto zikianza.