Kwa nini taa hupotezwa na singeli

Fundi akishaunganisha utepe wa taa za LED, bodi ya Arduino Uno na waya wa sauti, wimbo wa kwanza wa kujaribia huwa wenye besi nzito na mwendo wa wastani. Taa zinapanda, zinashuka, watu wanapiga makofi. Balaa huanza pale mtu anapoweka singeli. Ama taa zinabaki zimewaka muda wote, ama zinashika pigo moja na kuruka linalofuata. Lawama zote anatupiwa maikrofoni, ilhali mara nyingi hana hatia. Kosa limo kwenye mistari michache ya programu inayoamua taa ififie kwa kasi gani.

Tuanze na njia ya sauti, maana nayo ina mitego yake. Sauti inayotoka kwenye simu au mixa ni umeme unaopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, wakati Uno husoma volti 0 hadi 5 tu na kuzigeuza kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Kwa hiyo huwekwa rezista mbili zinazolingana na kapasita moja, ili wimbi zima linyanyuliwe lielee kwenye volti 2.5. Bila hivyo nusu ya wimbi haisomeki, na umeme hasi unaweza kuua pini. Ukipata nafasi ya kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixa, ichukue. Maikrofoni zenye kujirekebisha zenyewe huongeza usikivu muziki unapotulia, na hapo taa zinaanza kuchezea feni na porojo za wageni.

Uno ikiachwa kama ilivyo, husoma umeme huo mara 9,600 hivi kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sauti ya juu kabisa inayoweza kuitambua ni ya hezi 4,800. Iliyo juu ya hapo haipotei, bali hujitokeza mahali pasipo pake: mlio wa matoazi wa hezi 9,000 unasomeka kama wa hezi 600, na taa za katikati zinachezea sauti ambayo haikupigwa. Wapo wanaoifanyia bodi hii hesabu za Fourier ili kutenganisha besi na sauti nyembamba. Inawezekana, lakini sampuli 256 kwa namba za desimali zinadai baiti 2,048, nayo ndiyo kumbukumbu yote ya kazi ya Uno. Ukipunguza hadi 128, kila kifungu kinakuwa na upana wa hezi 75, na ngoma ya besi inatiwa kapu moja na gitaa la besi.

Mimi huchagua chipu ya MSGEQ7. Inachuja sauti kabla haijawa namba, kwa vifungu saba: hezi 63, 160, 400, 1,000, 2,500, 6,250 na 16,000. Uno inabaki na kazi ya kusoma thamani saba zinazopokezana kwenye pini moja, jambo la milisekunde moja na ushee.

Umeme nitaupita haraka. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula hadi miliampia 60, hivyo utepe wa mita 5 wenye taa 300 unaweza kudai ampia 18. Usiulishe kupitia bodi. Ulishe kutoka ncha zote mbili, la sivyo weupe wa mwisho wa utepe utageuka wa machungwa, kwa sababu taa za bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu.

Sasa singeli. Muziki huu wa Dar es Salaam hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240: kila robo sekunde kuna pigo. Programu nyingi za taa hupandisha mwanga ghafla pigo linapofika, kisha huuzidisha kwa 0.9 katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 50 kwa sekunde, pigo linalofuata linaukuta mwanga ungali kwenye asilimia 27. Jicho nalo halisomi namba kama zilivyo: taa iliyopewa asilimia 27 ya nguvu huonekana kama imezidi nusu. Hapo hakuna giza kati ya pigo na pigo, na bila giza hakuna mdundo wa kuona. Weka 0.8, mabaki yanashuka hadi asilimia 6. Tena urekebishe kwa ajili ya jicho: ukitaka taa ionekane nusu, itumie 56 kati ya 255, si 128.

Tatizo la kuruka mapigo lina chanzo kingine. Ili pigo moja lisihesabiwe mara mbili, programu huziba masikio kwa muda baada ya kila pigo, na milisekunde 300 ni chaguo la kawaida. Mapigo yakiachana kwa milisekunde 250, la pili linafika masikio yangali yamezibwa, la tatu linapita. Taa zinacheza nusu ya mwendo. Mchezaji wa singeli haangalii programu, lakini miguu yake itagundua. Milisekunde 120 zinatosha.

Ila 0.8 hiyohiyo inaiharibu taarab. Mapigo yanaachana mbali, taa inakufa mapema na ukumbi unakaa gizani huku fidla zikiendelea kuvuta. Huko ongozwa na vifungu vya hezi 400 hadi 2,500, ambako fidla na kanuni zinasikika vizuri, na upandishe kizidisho hadi 0.95. Kasi ya kufifia ifunge kwenye saa ya bodi, si kwenye idadi ya mizunguko, kwani ukiongeza utepe kutoka taa 60 hadi 300, kuzitumia rangi peke yake kunapanda kutoka milisekunde 1.8 hadi 9.

Uno haijui wimbo gani unafuata, lakini DJ anajua. Unganisha kitufe cha kuzungusha kwenye pini A1, kisomwe kati ya 0.8 na 0.95, ukiweke karibu na mixa.