Kuikomboa Nyumba kwa Fedha za Korosho

Katika Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na katika Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi, baina ya vilima vya mawe, zipo rehani za namna mbili, na yeyote atakaye kufahamu jinsi deni la nyumba linavyomalizwa kabla ya muda wake kwa maisha ya iktisadi hana budi kuzitazama zote mbili, kwa sababu ile kongwe huonyesha wazi jambo ambalo ile mpya hulificha ndani ya makaratasi. Kongwe ni rehani ya mikorosho. Mkulima aliyefikwa na msiba, au maradhi, au ada ya shule, huchukua fedha kwa mwenye nazo na kumwachia shamba, na mwenye fedha huvuna korosho za shamba lile mpaka siku deni litakaporejeshwa; na mavuno hayo, yawe mengi kiasi gani, aghalabu hayapunguzi deni lenyewe hata kwa shilingi moja. Basi anayekomboa shamba mwezi Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka, na anayekomboa Januari, zikiwa zimekwisha okotwa, wametoa fedha sawasawa, ila wa pili amepoteza msimu mzima. Hapo riba haihitaji mhasibu wa kuieleza: inaokotwa chini ya mti na kutiwa guniani mbele ya macho ya mwenye mti.

Rehani ya benki ni ngeni zaidi. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi wajenge, ilifungwa mwaka 1995, na baada yake nchi ilikaa muda mrefu bila mikopo ya nyumba inayostahili jina hilo, hata ilipotungwa sheria ya mikopo ya rehani mwaka 2008 na kuanzishwa, mwaka 2010, kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa muda mrefu. Riba, ambayo mwaka ule ilikuwa baina ya asilimia 22 na 24, ilishuka baadaye ikafika baina ya 15 na 19. Walio wengi katika wilaya hizi, hata hivyo, hawajapata kuingia mlango huo. Hujenga kidogo kidogo, msimu huu tofali, msimu ujao bati, na nyumba yao huzaliwa haina deni. Wanaoingia ni waajiriwa hasa, walimu na wauguzi na makarani wa halmashauri, ambao mshahara wao unaweza kukatwa kila mwezi, na ambao, kwa kuwa ni watu wa huku, wana mikorosho yao kijijini. Ni hao tunaowachambua.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mwalimu amekopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, kwa muda wa miaka 15. Rejesho lake litakuwa kama shilingi 280,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, katika fedha hizo, 250,000 ni riba, na kiasi kinachogusa deni la msingi hakifiki hata 30,000. Na mwaka wa kwanza ukiisha, akiwa amekwisha toa zaidi ya milioni tatu na laki tatu, deni limepungua kwa takriban 385,000 tu. Akiendelea hivyo hadi mwisho atalipa zaidi ya milioni 50 kwa nyumba ya milioni 20. Wengi wakiona taarifa ya benki ya mwaka wa kwanza hudhani wameibiwa, ilhali hesabu ni sahihi kabisa, nayo ndiyo inayofungua njia: maadamu riba hukokotolewa juu ya kilichobaki, kila shilingi inayopelekwa moja kwa moja kwenye deni la msingi huzuia riba yake yote ya miaka iliyosalia. Mwalimu huyu akiongeza, kila mwisho wa mwaka, shilingi 1,000,000 juu ya marejesho yake ya kawaida, deni litakwisha katika miaka minane na mwezi mmoja, naye atakuwa ametoa kama milioni 35 badala ya 50. Nyongeza ya milioni nane imefuta zaidi ya milioni 15.

Milioni hiyo haitoki kwenye mshahara. Hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote, na ndipo wanaoshindwa hushindwa, kwa kuwa huchanganya mapato mawili yenye tabia mbalimbali. Rejesho la kila mwezi sharti libebwe na mshahara peke yake, tena mshahara ambao kwa kanuni theluthi yake moja haiguswi na makato. Korosho zisiahidiwe kwa benki hata kidogo, bali zije kama nyongeza. Sababu yake waliiona wote mwaka 2018, pale wakulima walipokataa bei za minada ya mwanzo wa msimu, na Rais Magufuli, mwezi Novemba, akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki wa wakulima na mashamba ulichukua muda, na malipo ya wengi yakavuka mwaka. Aliyekuwa amepanga kulipa rejesho la Desemba kwa korosho alijikuta mdaiwa sugu hali magunia yake yamo ghalani na stakabadhi anayo mkononi. Aliyepanga nyongeza tu alingoja, na benki haikuwa na la kumwuliza.

Kwa bei ile, milioni moja ni kilo 303 hivi. Bei ikiwa 2,000, ni kilo 500. Mwenye kufanya hesabu ya uangalifu hutumia bei ya chini, tena baada ya kutoa gharama za palizi, salfa ya kuzuia ubwiriunga, waokotaji, na makato ya chama cha msingi cha ushirika.

Hapo ndipo iktisadi ya kila siku inapoingia, nami sikubaliani na wale wanaoihubiri kana kwamba sukari iliyopunguzwa katika chai ndiyo inayolipa nyumba. Haiilipi. Kazi yake ni kuzuia fedha za msimu zisiliwe kabla hazijafika, na katika uwanda huu jambo hilo lina sura yake maalumu. Chukua maji, ambayo huko Newala ni mali ya thamani tangu zamani, kwa sababu uwanda una mchanga unaoinywa mvua hadi chini kabisa, na chemchemi ziko mabondeni. Nyumba ya bati yenye mifereji na kisima cha kuvunia mvua kilichosakafiwa vizuri humwondolea mwenyewe gharama ya kununua maji kwa dumu miezi yote ya kiangazi. Hivyo mwenye akili huchimba kisima kabla ya kupiga rangi, na hata kabla ya kuweka dari. Chukua chakula: muhogo, kunde, mbaazi na njugumawe za shambani, makopa yaliyoanikwa na kuwekwa, na ming'oko ya porini katika miezi ya njaa, humfikisha mtu kwenye msimu bila kukopa. Na kukopa wakati wa kifuku ndiko kunakoangamiza, kwani mnunuzi wa kangomba huja wakati huo huo, anatoa fedha leo kwa korosho ambazo hata maua yake bado hayajatoka, kwa bei ambayo mwezi wa kumi itamliza muuzaji. Debe la mahindi lililokuwamo ndani mwezi Februari laweza kuwa limeokoa gunia zima la korosho mwezi Novemba.

Kisha huja wiki ambayo fedha za mnada zinaingia katika akaunti, na wiki hiyo ni ngumu kuliko miezi kumi na moja iliyotangulia. Pikipiki zinauzwa barabarani, jamaa wana harusi, na watoto waliotoka jandoni na unyagoni wanangoja kusherehekewa kwa heshima ya ukoo. Mtu hawezi kuyakataa yote akabaki anakaa na watu. Waliofaulu, kwa kadiri mambo yanavyoonekana, hawakuwa wabahili katika ngoma. Waliwahi tu, wakaenda benki kabla habari ya malipo haijaenea, na fedha zilizobaki wakazitumia hadharani bila kinyongo.

Kuwahi benki nako kuna adabu zake. Fedha ikiwekwa akauntini kimya kimya, benki yaweza kuihesabu kama marejesho ya miezi ijayo, na deni la msingi likabaki pale pale. Kwa hiyo huandikwa barua inayotamka kuwa kiasi hiki kinapunguza deni la msingi, na kwamba rejesho libaki vile vile ili muda ndio ufupike, halafu huombwa jedwali jipya la malipo. Mikataba mingine hutoza ada kwa anayelipa mapema, na jambo hilo husomwa kabla ya kutia sahihi. Kwa mkopo ambao riba yake imekokotolewa mara moja juu ya kiasi chote cha mwanzo, kama ilivyo desturi ya wakopeshaji wadogo wengi, kulipa mapema huenda kusipunguze kitu, na milioni ya Desemba ingefaa zaidi kununulia miche. Wale wanaojiepusha na riba kwa sababu ya dini, wakanunuliwa nyumba kwa murabaha, wanadaiwa bei iliyokwisha kufungwa, hivyo msamaha wa kulipa mapema ni hisani ya benki, wala si haki ya mdaiwa; auombe kwa maandishi.

Shilingi ya mwisho ikiisha kulipwa, rehani bado imesimama katika daftari. Benki hutoa hati ya kuifuta, nayo hupelekwa kwa msajili pamoja na hati miliki ili alama ya rehani iondolewe. Na kwa aliyekopa kwa hati ya haki miliki ya kimila, hukaguliwa pia masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Mwenzi wa ndoa, ambaye ridhaa yake ilitakiwa kisheria wakati nyumba ya familia ilipowekwa rehani, aende naye akaione alama hiyo ikifutwa.