Meza ya Kuonjesha: Uhakiki wa Namna ya Kutangaza Mchezo wa Kuigiza Mezani, kwa Kuangalia Jinja na Mbale

Tunapofundishwa uhakiki, tunafundishwa kuanza na maandishi. Tunaichukua riwaya au diwani, tunaisoma, kisha tunauliza maudhui yake ni yapi na fani yake imejengwaje. Kuna aina moja ya utungo ambayo utaratibu huo hauitoshi, kwa sababu kitabu chake kikisomwa peke yake bado hakijawa kazi kamili. Huo ni mchezo wa kuigiza mezani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni mwongozaji: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, watu wanaopita na hatari inayokuja. Kila mmoja wa waliobaki huwa na mhusika wake, humsemea na kumwamulia la kufanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa, na namba inayotokea huamua kama mhusika amefaulu au ameanguka. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu wakati huo wametokea watungaji huru wengi, yaani watu wanaoandika na kuchapa michezo yao bila kampuni kubwa nyuma yao.

Watungaji hao wana desturi moja ya kujitangaza, nayo imetoka kwenye matamasha ya michezo. Tamasha linalojulikana zaidi, Gen Con, lilianza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na sasa hufanyika Indianapolis. Mtungaji hukodi kibanda, hutundika bango, hugawa vipeperushi, na huweka meza ambapo wapita njia huonjeshwa mchezo kwa muda mfupi. Wahusika huwa wameshatayarishwa, ili mgeni asipoteze muda. Akipenda, hununua kitabu.

Makala haya yanaihakiki desturi hiyo kwa kuiwazia katika miji miwili ya mashariki mwa Uganda, Jinja na Mbale. Hoja ninayoitetea ni moja: meza ya kuonjesha ni utendaji, kwa maana ile ile tunayoitumia katika fasihi simulizi, na kwa hiyo kipimo chake kisiwe idadi ya vitabu vilivyouzwa. Kipimo kiwe hiki: je, hadhira imepewa nafasi ya kusema, na hata ya kumsahihisha fanani?

Tuanze na mfano wa kazi iliyopo. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilichapisha kitabu kiitwacho Nyambe: African Adventures, kilichoandikwa na Christopher Dolunt. Ni kitabu cha mchezo wa kuigiza mezani kinachojenga bara la kubuni kutokana na hadithi na tamaduni za Afrika. Kina sifa ya kweli. Katika michezo mingi ya kabla yake Afrika ilikuwa pori la kupita Mzungu mwenye bunduki. Dolunt alimwondoa Mzungu huyo na kuwafanya Waafrika kuwa mashujaa wa hadithi yao. Wakati huo hilo lilihitaji nia na utafiti.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili akikifungua kitabu hicho atakutana na maneno anayoyajua yakiwa katika mavazi asiyoyajua. Kuna jamii ya viumbe inayoitwa kitunusi, neno ambalo kwa watu wa pwani linamtaja kiumbe wa kutisha wa baharini. Kuna wahusika wanaotumia nguvu za ajabu, nao wanaitwa mchawi. Mchezaji wa Marekani anaweza kusema mezani, kwa furaha kabisa, kwamba yeye ni mchawi. Kwake neno hilo ni pambo. Lina sauti ya kigeni na halimtishi mtu. Kwa msemaji wa Kiswahili mchawi si cheo wala kazi. Ni shutuma. Mtu haambiwi hivyo mbele ya majirani zake kisha akalala usingizi mwema.

Sisemi kwamba Dolunt alikuwa na nia mbaya. Ninasema kwamba meza ambayo kitabu chake kilitangaziwa haikuwa na mtu wa kumkatiza. Fanani anayetamba ngano kijijini husikia mara moja akikosea. Akimpeleka sungara mahali ambapo hadithi haimpeleki, bibi aliyeketi nyuma ataguna, na mtoto atasema, "Siyo hivyo." Mguno huo ni uhakiki wa kwanza kabisa, na ni wa bure. Mtungaji anayekwenda kutangaza mahali ambapo hakuna awezaye kuguna amejinyima uhakiki huo, hata kama vitabu vyake vimekwisha kibandani.

Hapo ndipo Jinja na Mbale zinapoingia. Miji hii haijulikani kwa matamasha ya michezo ya kuigiza. Kijana wa Mbale anayetaka tamasha la vibonzo na michezo hutazama Nairobi, kwenye NAICCON, kupitia mpaka wa Malaba. Lakini miji hii ina maonyesho na ina michezo. Jinja hufanyika maonyesho ya kitaifa ya kilimo na biashara, ambapo muuza mbegu, muuza pampu na muuza dawa ya mifugo wote hupigania masikio ya mpita njia. Na katika kila steji ya bodaboda, Jinja kama Mbale, utakuta ubao wa ludo au kundi la vijana wakicheza karata za matatu. Wazee bado wanaujua omweso, wenye mashimo 32 na kete 64.

Jiulize ni nani aliyeutangaza mchezo wa matatu. Hapakuwa na kibanda wala kipeperushi. Mtu husimama nyuma ya wachezaji, hutazama, huuliza, hutukanwa kidogo kwa kuuliza sana, kisha siku moja mchezaji mmoja anapata abiria na kiti kinabaki wazi. Kufikia hapo mtazamaji ameshajua kwamba karata ya saba inaweza kukata mchezo, ingawa hajasoma kanuni hata moja. Watazamaji wa steji hawanyamazi. Wanashauri, wanabisha, wanamwita mchezaji mjinga. Kwa lugha ya darasani, hadhira hapo ni hai, na mpaka kati yake na fanani ni mwembamba sana.

Sasa linganisha na meza ya kuonjesha ya kawaida. Mtungaji huanza kwa kueleza dadu, kisha alama za mhusika, kisha ulimwengu wa mchezo na historia yake ya miaka elfu. Mgeni hutikisa kichwa kwa adabu. Muda ukiisha amesema maneno machache sana. Huo si utendaji, ni mhadhara wenye dadu. Kosa hili hutokea kwa sababu mtungaji anaamini anauza kitabu, na kwa hiyo anakifupisha kitabu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone njia nyingine. Tuseme mtungaji wa Mbale ameandika mchezo kuhusu usiku wa mafuriko. Si jambo la mbali: mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Anaweka meza yake na kuanza bila utangulizi: "Mvua imepiga mlimani tangu jioni. Wewe ni kondakta wa teksi. Wewe, mama, unauza matoke sokoni. Wewe ni mwanafunzi unayerudi hosteli. Maji yamefika magotini na taa zimezimika. Mnafanya nini?"

Aliyepewa nafasi ya mama anaweza kusema, "Wewe kijana, mshike mtoto kwanza, mzigo wangu uache." Dadu inarushwa. Mchezo umeshaanza, na kanuni zitafuata kadiri zinavyohitajika. Lakini jambo kubwa zaidi linaweza kutokea dakika chache baadaye, pale mmoja wa waliosimama nyuma anaposema, "Hapana. Maji hayakuja kutoka upande huo." Mtungaji akipeleka mchezo huu Nairobi au Indianapolis, mafuriko yatakuwa msisimko. Mbale kuna mtu aliyeyaona. Anaweza kumsahihisha, anaweza kumkasirikia, anaweza hata kuondoka kwa uchungu. Mtungaji ambaye hayuko tayari kwa matatu hayo hajawa tayari kuutangaza mchezo wake popote. Akiwa tayari, atarudi nyumbani na kitabu bora kuliko kile alichokuja nacho.

Ipo sababu ya pili ya kuitaka meza hii Jinja na Mbale, nayo inatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili. Uganda imekitangaza Kiswahili mara nyingi. Idi Amin alikifanya lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakiweka kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini lugha haitangazwi kwa amri tu, kama vile mchezo hautangazwi kwa bango tu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kimekuwa na mhusika mmoja: askari. Jinja na Mbale zote ni miji yenye kambi za jeshi, na wapo wazee ambao neno la kwanza la Kiswahili walilolisikia lilikuwa amri ya kusimama au kuonyesha kitambulisho. Ni kweli kwamba mipakani na masokoni Kiswahili kina sura nyingine, ya mfanyabiashara na dereva wa lori. Sura ya askari ndiyo inayotia hofu, na ndiyo inayomfanya mzazi ashangae mtoto wake anapochagua somo hili.

Mchezo wa kuigiza mezani unaweza kufanya kitu ambacho kitabu cha sarufi hakiwezi. Unampa mtu mhusika, na kumtaka asema kwa Kiswahili akiwa mama, akiwa kondakta, akiwa mwanafunzi mwenye woga. Kiswahili chake kitachanganyika na Kiganda, Kisoga au Kimasaba, na mwongozaji mwenye busara hatamsahihisha upatanisho wa kisarufi wakati maji yako magotini. Kwa nusu saa lugha hiyo inakuwa na wahusika wanne badala ya mmoja. Ndiyo maana ninaona ni hasara mtungaji wa huku akiandika kitabu chake kwa Kiingereza ili kiuzike nje, kisha akaweka maneno mawili matatu ya Kiswahili kama viungo kwenye pilau. Hapo anarudia yale ya mchawi na kitunusi, safari hii bila udhuru wa umbali.

Pingamizi lipo, na ni zito. Mtu aliyecheza vizuri mezani anaweza kwenda nyumbani akaucheza bila kununua chochote. Matatu imeenea nchi nzima, na aliyeibuni hakulipwa kwa kuenea huko. Mtungaji huru amelipa mchapaji, amelipa kibanda, amelipa nauli. Kumwambia apime mafanikio kwa maneno ya hadhira kunaweza kusikika kama kumwambia ale sifa. Aidha, ukumbi wa maonyesho una kelele. Kipaza sauti cha muuza pampu kitammeza mtambaji yeyote.

Kuhusu kelele, jibu ni rahisi kiasi: ahamie pembeni, chini ya mti, kama wafanyavyo wacheza ludo. Kuhusu fedha sina jibu kamili, ila ninaona kwamba kinachouzwa lazima kibadilike. Kitabu kinene cha kanuni hakitanunuliwa na mwanafunzi wa Mbale. Kijitabu chembamba chenye visa vitano vya kuendeleza kile kilichoanza mezani kinaweza kununuliwa, kwa sababu mnunuzi tayari ana mhusika na anataka kujua kama mtoto aliokoka. Shule nazo, zikihitaji njia za kufundisha mazungumzo, ni wateja ambao tamasha la nje haliwezi kumpa. Hata hivyo faida itakuwa ndogo, na itachelewa. Mtungaji anayetaka kurudisha fedha zake kwa siku mbili heri aende Nairobi.

Anayebaki Jinja au Mbale atahitaji mtu wa kumtazama, na hapo mwanafunzi wa fasihi ana kazi. Aketi karibu na meza akiwa na daftari. Asihesabu vipeperushi. Aandike nani alisema, alisema kwa lugha gani, alikatizwa wapi, na mtungaji alifanya nini alipoambiwa, "Siyo hivyo." Kama alicheka, akauliza ilikuwaje, kisha akaubadilisha mchezo hapo hapo, uhakiki unaweza kuandikwa kwa furaha. Kama aliendelea kusoma kitabu chake, bango lake lingekuwa kubwa kama ukuta wa bwawa la Nalubaale na bado watu wangepita kwenda kununua mbegu.