Kusadikika: Mshtakiwa Anayegeuka Mshtaki

Mwanafunzi anayesoma Kusadikika kwa mara ya kwanza huwa na malalamiko yanayofahamika: wahusika ni bapa, hotuba ni ndefu mno, na kisa ni kilekile kinachorudiwa mara sita. Kwa kueleza kilichomo kitabuni, hajakosea hata kidogo. Anakosea anapohitimisha kwamba Shaaban Robert, aliyeitoa riwaya hii mwaka 1951, hakujua kusuka hadithi. Takriri hiyo inayomchosha ndiyo inayobeba hoja yote ya kitabu, na ukiiondoa hakuna kesi inayobaki.

Mhusika mkuu, Karama, ameshtakiwa mbele ya mfalme na baraza la nchi ya Kusadikika kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na anayemshtaki ni waziri mkuu, Majivuno. Tungetarajia akane shtaka au aeleze nini hasa alichofundisha. Badala yake anasimulia habari za wajumbe sita, tangu Buruhani hadi Amini, waliotumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, wakaitafutie nchi yao manufaa. Kila mmoja anateseka njiani, anarudi na alichojifunza, na malipo yake ni kifungo. Mjumbe mmoja akifungwa, baraza linaweza kusema kwamba labda alikosea kweli. Akifungwa wa pili, itasemwa ni sadfa. Tukifika kwa wa nne tunaujua mwisho kabla ya kuufikia, na hapo ndipo mwandishi alipotaka tufike, kwa sababu hukumu inayotabirika kabla mtu hajafungua kinywa haikutokana na kosa lake. Imetokana na mazoea ya wakubwa. Basi Karama amekwisha kulijibu shtaka bila kuligusa: nchi inayofunga watu wake wema kwa namna hii ndiyo yenye haja kubwa ya watu wanaojua sheria. Wanaomsikiliza ni walewale waliotoa hukumu hizo, na kwa kila kisa kinachoongezeka ni wao wanaozidi kusimama kizimbani.

Atakayepinga atasema visa vitatu vingetosha. Pengine, ikiwa shabaha ni kuufahamisha mtindo tu. Lakini desturi ya utawala huthibitishwa kwa wingi wa mifano, na pande sita zinazomaliza kila mwelekeo haziliachii baraza pa kukimbilia. Hoja ya wahusika bapa ni nzito zaidi. Msimuliaji anayesimulia akiwa hatarini ni urithi wa hikaya, na wasomaji wa Alfu Lela u Lela wanamjua vizuri. Katika hikaya, mtu hubeba sifa moja na jina lake huitangaza. Majivuno angepewa nafsi yenye utata, tungeanza kuuliza ana kisa gani na Karama, na shauri la utawala lingepungua kuwa ugomvi wa watu wawili. Kuna pia sababu ya wakati. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Tanganyika. Nchi iliyo angani kama Kusadikika, yenye wakubwa walioitwa kwa tabia zao, haimpi ofisa yeyote nafasi ya kulalamika bila kukiri kwamba amejitambua. Wapo wanaoona ukungu huo uliidhoofisha lawama. Naona uliipa maisha marefu: baada ya uhuru wa mwaka 1961 kitabu kiliendelea kusomeshwa, na baraza lile halikuhitaji kubadilishwa jina.

Pana mahali pengine ambapo mwanafunzi angelalamika kwa haki zaidi. Mwishoni Karama anashinda na wajumbe wanafunguliwa, lakini wanafunguliwa kwa kauli ya mfalme, yaani kwa mamlaka yaleyale ambayo chini yake walifungwa. Riwaya iliyotumia visa sita kuonyesha hatari ya kutegemea matakwa ya mkubwa inamaliza kesi yake kwa matakwa ya mkubwa, na hakuna kisa cha saba kinachotuambia ni sheria gani itawalinda wajumbe watakaotumwa kesho.