Beethoven Alimsemea Mfalme

Septemba 3, 1939. Mfalme George wa Sita amesimama mbele ya maikrofoni, taa nyekundu imeshamulika mara nne, koo limembana, na Logue, mtaalamu anayemtibu kigugumizi, yuko mbele yake akimwangalia machoni. Filamu nzima ya The King's Speech (2010) imejengwa ili itufikishe kwenye ukimya huu. Mwongozaji Tom Hooper anautupa: anaachia sehemu ya pili ya Simfoni ya 7 ya Beethoven, na pambano linakwisha kabla halijaanza.

Tatizo liko kwenye mapigo. Sehemu hiyo, iitwayo Alegreto, hutembea kwa hatua moja isiyobadilika: refu, fupi-fupi, refu-refu. Chelo na besi zikishaishika hatua hiyo, haikatiki. Kigugumizi ni mapigo yanayokatika. Bertie, yaani mfalme mwenyewe, anapokwama, orkesta haikwami naye, inaendelea na kuliziba pengo ambalo mtazamaji alipaswa kuanguka ndani yake. Tangu fidla hazijaingia tunajua kwamba mfalme atafika salama, kwa sababu muziki wenyewe umeshatuambia.

Tena Beethoven aliuandika muziki huu upande ngazi. Kila duru inaongeza kundi la ala, mpaka orkesta nzima inanguruma. Kwa hiyo sauti ya ushindi inapanda kwa sababu duru imefika zamu yake, wala si kwa sababu Bertie amepata pumzi. Colin Firth, anayemwigiza mfalme, anafanya kazi kubwa kwa taya, pumzi na midomo, na kazi hiyo imelazwa chini ya nyuzi. Hata mikono ya Geoffrey Rush, anayemwigiza Logue, inaharibika: badala ya rafiki anayemvusha mwenzake neno kwa neno, tunamwona mtu anayeongoza orkesta.

Wapo waliolalamika kwamba mfalme anawatangazia watu wake vita na Ujerumani huku akisindikizwa na Mjerumani. Hoja hiyo haina uzito. BBC yenyewe iliyatumia mapigo manne ya kwanza ya Simfoni ya 5 kama ishara ya ushindi wakati wa vita hivyohivyo.

Wazo la kuitumia Alegreto lilitoka kwa mhariri, Tariq Anwar, na Alexandre Desplat, mtunzi wa muziki wa filamu, akalitetea. Safu hii imeshasema mara nyingi na itasema tena: muziki unaowekwa kwenye meza ya uhariri huzoeleka masikioni kabla haujahojiwa. Alegreto hii ilikuwa imeshapita kwa mwongozaji Demy katika Lola (1961), ikapita Zardoz (1974), Irréversible (2002) na Knowing (2009). Adagio ya Barber nayo ilitoka The Elephant Man (1980) ikadakwa na Platoon (1986). Kazi za namna hii zinageuzwa kitufe cha kubonyeza machozi.

Mwongozaji Kubrick naye alichukua muziki uliokwishatungwa, tena kwa filamu yake ya 2001 (1968) alitupa muziki wote aliotungiwa na Alex North. Lakini aliupa nafasi. Katika Barry Lyndon (1975), Lady Lyndon anatoka mezani kwenye karata, Barry anamfuata barazani, na trio ya Schubert inabeba kila kitu kwa sababu hakuna anayezungumza. David Lean katika Brief Encounter (1945) aliitia konsato ya Rachmaninoff ndani ya redio ya mhusika wake, Laura, hivyo konsato ile ikawa kumbukumbu ya mwanamke mmoja.

Na Bresson, mwaka 1956, alitengeneza filamu ya mfungwa anayetoroka, akatumia Misa ya Mozart katika C ndogo. Usiku wa kutoroka wenyewe tunasikia kokoto, nyayo na treni. Mozart anarudi mfungwa na mwenzake wakishakuwa nje ya ukuta.

Tatizo la The King's Speech si mtunzi wake: muziki wa Desplat mwenyewe, wenye noti moja ya piano inayorudiwarudiwa kama ulimi uliokwama, ni mzuri.

Kinachouma zaidi ni kwamba Hooper, aliyepewa Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu hii, alikuwa na dawa mkononi. Hotuba ikishakwisha anaweka sehemu ya taratibu ya Konsato ya 5 ya piano, ya Beethoven huyohuyo, na pale inakaa sawasawa: maneno yamekwisha, mfalme anapumua. Angeiacha studio kimya, Firth akapambana na pumzi yake peke yake, konsato ile ingeingia kama malipo aliyoyatolea jasho.